Kilimo Kilishinda kwa Idadi, Si kwa Maisha Bora

Abu Hureyra, kaskazini mwa Syria, wanaakiolojia walifukua mifupa ya wanawake wa kijiji cha wakulima wa mwanzo na kukuta imechakaa kwa namna ileile: viungo vya vidole gumba vya miguu vimelika, magoti yana alama, uti wa mgongo umeumia sehemu ya chini. Walikuwa wakishinda wamepiga magoti, vidole vimekunjwa, wakisaga nafaka juu ya jiwe.

Ushahidi wa aina hii ndio tegemeo la wanaodai kuwa kilimo, kilichoanza Mashariki ya Kati yapata miaka 11,000 iliyopita, kilimharibia binadamu maisha. Pale Dickson Mounds, Illinois, Marekani, watu waliokuja kutegemea mahindi wana dalili nyingi zaidi za njaa ya utotoni na upungufu wa damu kuliko waliowatangulia.

Hata hivyo, maisha ya kuwinda na kukusanya hayakuwa pepo. Nataruk, karibu na Ziwa Turkana, kulikutwa mabaki ya watu wasiopungua 27 wa jamii ya wawindaji, yapata miaka 10,000 iliyopita. Kati ya 12 ambao mifupa yao haikutawanyika sana, 10 walikuwa na alama za kuuawa kikatili. Na katika jamii za wawindaji zilizochunguzwa karne iliyopita, karibu nusu ya watoto walifariki kabla ya utu uzima.

Kuna hoja nzito zaidi dhidi ya ushahidi huo wa mifupa, iliyotolewa mwaka 1992 na mwanaanthropolojia James Wood na wenzake. Ugonjwa huacha alama kwenye mfupa pale tu mgonjwa anapoishi nao kwa muda. Anayekufa haraka huzikwa na mifupa safi. Kwa hiyo huenda baadhi ya wakulima wanaoonekana dhaifu ndio waliohimili. Naikubali hoja hiyo kwa upungufu wa damu, lakini kwa magoti yaliyosagika haifai kitu: hiyo ni kazi, si maradhi.

Kwa maoni yangu, kilimo hakikushinda kwa kumpa mtu nafuu. Uji uliwezesha mtoto kuachishwa ziwa mapema na mama kushika mimba nyingine upesi. Watu walipozidi, pori halikuweza tena kuwalisha, na njia ya kurudi ikafungwa. Wanaokitetea hutaja chanjo na maji safi kama matunda yake. Ni kweli, ila chanjo ya ndui ilipatikana mwaka 1796, baada ya mamia ya vizazi, na hadi leo wapo wakulima wengi wanaolala njaa.