Nani Anafua Wakati Mama Anafundisha?

Watu wakisikia kwamba watoto wetu wanasomea nyumbani, maswali huwa mawili, na huja kwa mpangilio uleule. La kwanza ni la marafiki: watacheza na nani, watajuaje kuishi na watu? La pili linanihusu mimi: hesabu za juu utaziweza, wewe? Wifi yangu huyauliza yote mawili kwa pumzi moja kila akija kututembelea, kisha anawatazama watoto kwa huruma kana kwamba wamefungiwa ghalani. Mimi hucheka, nikamkaribisha kiti. Swali ninalolisubiri mpaka leo ni la tatu, na hakuna anayeliuliza: wakati unafundisha, nani anafua?

Nalitaja kwa sababu nimefika mahali pa kuamini kwamba elimu ya nyumbani haifi kwa mama kutojua aljebra. Inakufa kwa masufuria.

Suala la marafiki nitalimaliza haraka. Watoto wanaosomea nyumbani hawaishi kisiwani. Wana binamu, wana watoto wa majirani, wana mpira, wana ibada, wana wazee wanaopenda kusikilizwa. Kinachotakiwa ni mzazi kuwatoa nje, na kwa familia inayoishi mbali na wenzao hiyo ni kazi kubwa kweli, siikatai. Mwanangu mkubwa anaongea na mtu wa umri wa babu yake bila kubabaika, lakini akikutana na kundi la watoto wa rika lake hunyamaza kwanza, anawasoma. Wifi anasema ni kwa sababu hakwenda shule. Baba yake naye yuko hivyohivyo, na yeye alisoma bweni.

La ujuzi lina nyama zaidi. Mwalimu wa darasani anafundisha watoto wengi kwa mpigo, kwa hiyo analazimika kulenga katikati: aliyewahi anasubiri, aliyechelewa anabaki. Nyumbani unamfundisha huyu uliye naye, na unaona palepale alipokwama. Mwaka 1984 Benjamin Bloom, mtaalamu wa elimu wa Marekani, aliandika kwamba mwanafunzi wa wastani aliyekuwa na mwalimu wake peke yake, asiyevushwa mbele mpaka aelewe, aliwapita karibu asilimia 98 ya waliosoma katika darasa la kawaida. Tafiti zilizofuata zimekuta faida ndogo kuliko hiyo, lakini faida ipo. Ndiyo maana mama asiye na cheti cha ualimu anaweza kufika mbali na mtoto wake. Halazimiki kujua kila kitu. Anatakiwa awe mbele kwa kurasa chache, na somo likimshinda, amtafute anayelijua.

Chukua 403 toa 168. Kwa aliyezoea si kitu; kwa mtoto anayejifunza kukopa ni mtego, kwa sababu ya ile sifuri ya katikati. Wangu wa pili alianza vizuri: tatu toa nane haiwezekani, nakopa kwa jirani. Jirani ni sifuri. Penseli ikasimama.

"Mama, sifuri haina kitu. Nitakopaje kwa mtu asiye na kitu?"

Ningeweza kumwambia "kata hapa, andika tisa hapa", akapata jibu tukaendelea. Wengi wetu ndivyo tulivyofundishwa, na ndiyo maana mpaka leo tunaikopesha sifuri bila kujua tumeitoa wapi hiyo tisa. Tukakata karatasi: kubwa ni mia, ya wastani ni kumi, kipande kidogo ni moja. Akaenda kwenye mia nne zake, akachukua moja, akaibadilisha kwa makumi kumi. Kati ya hayo makumi akavunja moja likawa mamoja. Mezani sasa pana mia tatu, makumi tisa na mamoja kumi na matatu. Akazihesabu upya zote, kuhakikisha sijamwibia. Zikafika 403. Ndipo akatoa, na akaandika 235 kwa tarakimu kubwa zilizovuka mstari.

Hilo ndilo tamu la kazi hii, na sina namna ya kulieleza kwa mtu ambaye hajaliona uso kwa uso. Lakini wakati tukivunja mia, sufuria lilikuwa linafurika jikoni, kitindamimba alikuwa anatafuna kifutio, na kifungua mimba anapiga kelele kutoka chumba cha pili kwamba insha yake imekwisha na nimsikilize sasa hivi, si baadaye. Mwalimu wa shule akiulizwa swali kama lile la sifuri, ana jambo moja la kufanya. Mimi nilikuwa na manne, na jikoni kulikuwa na moto.

Shule, hata ile ndogo kabisa, ni watu wengi. Kuna anayefundisha, anayefagia, anayepika, anayegonga kengele, anayeweka kumbukumbu, anayewaita wazazi. Ukiileta shule nyumbani, kazi hizo hazibaki kule. Zinakuja nazo, na zikifika mlangoni zinaulizia: mama yuko wapi? Anazivaa zote, halafu akijaza fomu yoyote, mahali pa kazi anaandikiwa kwamba hana. Wanaomjua vizuri zaidi watasema "huyu yupo tu nyumbani na watoto".

Hapa nina ugomvi kidogo na vitabu vyetu wenyewe. Akina mama wengi wanaofundisha nyumbani wanamfuata Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyeishi kati ya 1842 na 1923, na mimi ni mmoja wao. Mawazo yake ni mazuri na yanafanya kazi: masomo ya wadogo yawe mafupi, dakika ishirini au pungufu, mtoto asomewe mara moja tu, kisha asimulie alichosikia kwa maneno yake, asubuhi iwe ya vitabu, alasiri iwe ya nje na kazi za mikono. Kusimulia pekee kumeniokoa nisitunge maswali ya mitihani miaka yote hii. Mtoto aliyesikiliza anasimulia. Asiyesikiliza anakwambia "walikwenda, halafu wakarudi".

Ila mama anayeyasoma hayo usiku, macho mekundu, aulize pia yaliandikiwa nyumba ya namna gani. Mwaka 1892 Mason alifungua chuo katika mji wa Ambleside, na kazi ya chuo hicho ilikuwa kuwafunza wanawake ambao wangeajiriwa kufundisha watoto majumbani. Yaani katika nyumba nyingi zilizofuata ratiba ile nzuri, anayefundisha alilipwa kwa kufundisha, na kuna wengine waliolipwa kupika na kufua. Sisi tumeichukua ratiba, tukawaacha wale waliolipwa, kisha tunajiuliza kwa nini saa nne asubuhi tumeshachoka.

Mfano mwingine unaopendwa ni John Stuart Mill, mwanafalsafa aliyefundishwa nyumbani na baba yake, James. Alianza Kigiriki akiwa na miaka mitatu. Baba alikuwa akiandika kitabu chake kikubwa cha historia ya India, na mtoto anakaa meza ileile, anamuuliza maana ya kila neno asilolijua. Baadaye mtoto mwenyewe akawa mwalimu wa wadogo zake. Habari hii huelezwa kama ushujaa wa baba, na kweli baba alikuwa na subira. Ila nyumba ile ilikuwa na watoto tisa. Aliyewazaa alikuwa Harriet Barrow, mke wa James. Soma tawasifu ya Mill iliyotoka mwaka 1873: mama hatajwi hata mara moja. Baba ana sura nzima za kitabu. Nguo za watoto tisa zilijifua zenyewe.

Sheria nazo hazijui kuuliza. Kila nchi ina yake. Ujerumani hairuhusu kabisa kusomea nyumbani isipokuwa kwa sababu chache sana, Ufaransa tangu mwaka 2022 lazima uombe kibali, Marekani inaruhusiwa katika majimbo yote 50 kwa masharti yanayotofautiana, na anayetaka kuanza popote pale aanze kwa kujua ya kwao yanasemaje. Sheria ya elimu ya mwaka 1996 ya England na Wales inampa "mzazi" wa kila mtoto jukumu la kuhakikisha anapata elimu. Mzazi, basi, haikusema yupi. Mkaguzi akija ataomba daftari, ataangalia maendeleo ya mtoto. Ni haki yake. Hatauliza mama alilala saa ngapi.

Mwaka 2020 shule zilipofungwa karibu dunia nzima, watu wengi waliniambia, "Sasa na sisi tumeonja." Hapana, walichoonja kilikuwa kitu kingine: shule ilituma kazi, mzazi akawa askari wa kusimamia. Hakuchagua chochote. Faida moja tu niliiona. Baba waliokuwa wakitoka alfajiri na kurudi giza limeingia walijikuta ndani ya nyumba saa za mchana, wakaona siku ya mtoto ina mashimo mangapi na ni nani anayeyaziba.

Kwetu mabadiliko hayakuja kwa hotuba. Nilichukua karatasi nikaandika kila kazi ya nyumba hii, kubwa na ndogo, hata zile zisizo na jina: kukumbuka kwamba viatu vya mtoto vimebana, kujua daftari gani linakaribia kuisha, kununua gundi kabla ya gundi kuhitajika. Nikaibandika. Mume wangu aliisoma akiwa amesimama, akavuta kiti akaisoma tena ameketi. "Nikusaidie zipi?" Nikamwambia sitafuti msaidizi, natafuta mwenye zamu. Msaidizi husubiri kuagizwa, na kuagiza nako ni kazi. Imo kwenye karatasi, mstari wa tano kutoka chini.

Sasa asubuhi ni yake mpaka watoto wamekula na vyombo vimeoshwa. Hesabu za mkubwa ni zake pia, jioni, na sijui hata wamefika sura gani, jambo ambalo mwanzoni liliniuma na sasa linanistarehesha. Watoto wana zamu zao kulingana na umri. Hapa niseme neno kwa wenzangu tunaopenda kugeuza kila kitu kuwa somo: kuna watakaokwambia kufagia ni jiometri na kukunja nguo ni ulinganifu wa pande. Acheni jamani. Kufagia ni kufagia. Mtoto afagie kwa sababu anaishi humu na vumbi ni lake pia, na hakuna haja ya kumwandikia alama.

Na baada ya chakula cha mchana kuna saa ya utulivu. Kila mtu anashika kona yake na kitabu, rangi au usingizi, na mimi nimo kwenye hiyo hesabu ya kila mtu. Siku za mwanzo mlango ulikuwa haukauki: "Mama, imeisha?" "Mama, nikikohoa nimevunja sheria?" Wamezoea. Saa hiyo sitayarishi masomo. Sisahihishi. Kuna mama mmoja aliniambia huo ni ubinafsi, akanieleza jinsi yeye anavyoitumia saa hiyohiyo kukata kadi za maneno. Kadi zake ni nzuri kweli, zina rangi, zimepangwa kwa kamba. Miezi michache baadaye alinitafuta kuuliza kama najua shule yenye nafasi katikati ya mwaka. Sikumcheka, na kumrudisha mtoto shuleni si kushindwa. Zipo shule nzuri na zipo familia zinazofaa shule. Nilichosikitikia ni kwamba alijilaumu kwa kukosa subira, wakati nyumba nzima ilikuwa imekaa kitako ikimtazama akikata kadi.

Kwa hiyo mwanamke akinijia siku hizi kutaka ushauri wa kuanza, simpi orodha ya vitabu. Mtaala upo tele, mwingine bure kwenye intaneti, na mtoto wa miaka sita atajifunza kusoma kwa karibu wowote utakaoushika mpaka mwisho. Namwambia aje na anayeishi naye, mume au yeyote anayeshiriki ile nyumba, na waje na karatasi yao. Ikiwa kila mstari una jina moja, na jina hilo ni lake, namwambia asubiri muhula mmoja, wagawane kwanza, vitabu havikimbii.

Anayelea peke yake huwa ananiambia karatasi yake haina jina la pili la kuandika. Kwake nasema atafute familia nyingine mbili zilizo karibu kabla ya kumtoa mtoto shule, wapeane siku: leo watoto wote kwako, kesho kwa mwenzako, keshokutwa kwa wa tatu. Masomo ya wadogo yanachukua asubuhi tu. Siku ambazo si zamu yake aende kazini kwake, au afue, au alale.