Mama Habani Tu: MaikroRNA na Jeni Zenye Muhuri wa Mzazi

Kwenye mazungumzo ya walimu wa baiolojia hapa Tanga, mwenzetu mmoja alisema kwamba katika jeni zenye muhuri wa mzazi, yaani zile zinazosomwa kwa nakala ya baba peke yake au ya mama peke yake, baba anavuta mtoto akue na mama anabana. Wengi waliafiki. Mimi naona mama ameonewa.

Hoja hiyo ya mvutano wa baba na mama, ambayo wanabaiolojia David Haig na Mark Westoby waliitoa mwaka 1989, ina ushahidi wake. Jeni ya Rtl1 husomwa kwa nakala ya baba. MiR-127 ni maikroRNA, yaani kipande kifupi cha RNA kinachozuia ujumbe wa jeni nyingine; husomwa kwa nakala ya mama, kwenye uzi wa pili wa eneo hilohilo la DNA, na huukata ujumbe wa Rtl1. Panya waliofutiwa miR-127 kondo lao la nyuma lilikua kupita kiasi. miR-675, iliyomo ndani ya jeni ya H19 inayosomwa kwa nakala ya mama, nayo hubana kondo.

Lakini kwenye kromosomu hiyohiyo ya Rtl1 lipo kundi la maikroRNA, miR-379 hadi miR-410, linalosomwa kwa nakala ya mama pia. Panya waliolikosa upande wa mama, baadhi walikufa mapema baada ya kuzaliwa. Sukari ya damu ilikuwa imeshuka. Kulikosa upande wa baba hakukuleta madhara hayo. Fikiria saa zile: kitovu kimekatwa, sukari ya mama imekoma, maziwa hayajatosha. Ini la mtoto lazima lifungue akiba yake na kutengeneza sukari mpya palepale. Wakunga wetu wanaohimiza mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza wanaijua hatari hiyo. Sasa maikroRNA zinazomvusha mtoto saa hizo tuziite za kubana?

Wala baba si wa kuvuta tu. C19MC, kundi la jeni 46 za maikroRNA linalopatikana kwa binadamu na jamii ya nyani, husomwa kwa nakala ya baba kwenye kondo. Maabara zimeonyesha kwamba maikroRNA zake, zikitoka kwenye seli za kondo ndani ya vifuko vidogo, huzisaidia seli nyingine kuhimili virusi.

Kazi ya jeni, hata hivyo, haielezi kwa nini nakala moja ilinyamazishwa. Kangaruu hawana muhuri katika eneo la Rtl1. Ulikuja baadaye, kwa wanyama wenye kondo kamili, na hapo wenye hoja ya mvutano bado wana la kusema. Ila wakiifundisha kidato cha sita, waitaje na ile sukari.