Mgongo wangu ulitibiwa kwa simu, na bado unauma

Mgongo unauma ninapoandika haya. Naanza na hilo ili asije mtu akasoma hadi chini akitafuta siri ya kupona, halafu anitukane. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mwenye maumivu sugu ni maiti anayetembea, anayekwenda kazini, anayeambiwa kila siku, "Lakini mbona unaonekana mzima?"

Wataalamu wanayaita sugu maumivu yanayodumu au kurudirudi kwa zaidi ya miezi 3. Mara nyingi kufikia hapo jeraha lililoyaanzisha limeshapona, ila neva zimezoea kupiga kelele na hazijui tena kunyamaza. Ndiyo maana picha ya tatu ya mgongo haikunionyesha lolote ambalo ya kwanza haikuonyesha.

Nilipoambiwa kwamba sasa nitaingizwa kwenye mpango wa kufundishwa kwa simu namna ya kuyadhibiti maumivu, nilihisi nimetupwa. Nilitaka sindano. Nilitaka mtu anibonyeze pale penyewe aseme "ni hapa". Badala yake nikapewa wiki 8, mazungumzo ya simu mara moja kwa wiki, na dada mmoja ambaye mpaka leo sijamwona kwa macho.

Simu ya kwanza aliniuliza swali la ajabu. "Kaka, ukiosha vyombo, unaanza kuumia dakika ya ngapi?"

"Sijui, dada. Mimi naosha mpaka viishe."

"Basi tumeanzia pazuri."

Akaniagiza nijipime siku tatu kwa saa. Zikatoka dakika 14, 9 na 13. Wastani 12. Akapunguza sehemu ya tano, tukaafikiana 9 na ushei, nikaandika 9. Kengele ikilia, naacha na kukaa, hata kama siumwi. "Hasa kama huumwi," alisisitiza. Siku ya kwanza nilibaki nimekaa nikiitazama sufuria iliyojaa povu, mikono inanichonyota kwa hamu ya kuimaliza. Nilijiona mjinga. Kumbe tiba ilikuwa pale, kwenye sufuria ambayo haijasuuzwa.

Wenzangu mnaoumwa mnalijua hili. Siku mgongo ukikaa vizuri tunafanya kazi za wiki nzima, kesho yake tunalala kama magogo, siku mbili, tatu. Halafu tunaogopa. Mwili nao unajifunza kwamba kila kujikunja ni hatari, na kadiri tunavyojizuia ndivyo misuli inavyolegea na uchungu unavyopata nafasi. Mpango mzuri unakata mzunguko huo kwa kipimo kidogo kisichobadilika, kinachoongezwa dakika moja moja. Mengine niliyofundishwa ni kupumua taratibu, mpangilio wa usingizi, na namna ya kuikamata ile sauti ya ndani inayosema "mgongo umevunjika" wakati umekaza tu. Hayo sitayarefusha. Lililonibadilisha ni sufuria.

Na hapa ndipo simu inapoishinda hospitali. Vyombo viko nyumbani. Kitanda kibovu kiko nyumbani. Kusafiri saa nzima nimekunjika kwenye kiti ili nikafundishwe jinsi ya kutokunjika kwenye kiti ni kichekesho, na nimewahi kukilipia.

Kuna wanaokasirika wakisikia mazungumzo yanatibu maumivu: "Kwa hiyo ni ya kichwani?" Niliuliza hivyo hivyo, kwa sauti ya juu kuliko ilivyostahili. Lakini tangu 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walipoeleza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu mithili ya lango, linaloweza kupunguza au kupitisha habari za maumivu, na kwamba ubongo nao una mkono katika kulifungua na kulifunga, swali hilo limechakaa. Hofu, usingizi mbovu na uchovu vinagusa maumivu ya kweli, kwenye mwili wa kweli.

Sasa takwimu, maana sitaki mniamini kwa ajili ya sufuria moja. Mwaka 2025 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti wa Marekani wa watu 2,331 wenye maumivu sugu ya misuli na mifupa yanayowazuia kufanya shughuli zao. Wengine walifundishwa na mtu kwa simu au video, wengine wakapewa programu ya intaneti wajifunze wenyewe, wengine wakaendelea na matibabu ya kawaida. Baada ya miezi 3, waliopungukiwa na maumivu kwa angalau asilimia 30 walikuwa asilimia 32 kwa wale wenye mtu, 26.6 kwa wenye programu peke yake, na 20.8 kwa wa kawaida.

Zisomeni kwa utulivu. Hata kwenye kundi bora, wawili kati ya watatu hawakufika hapo. Anayewauzia mpango wa namna hii kama muujiza ni mwongo. Lakini mimi naitazama zaidi namba ya katikati, kwa sababu nimeishi ndani yake. Kabla ya dada yule niliwahi kuwa na programu ya simu. Kila jioni ilinitumia maua na "Hongera!", nami nilibonyeza "nimefanya" nikiwa nimelala kifudifudi. Siku 11 mfululizo za hongera bila kunyanyua hata mguu. Dada yule sikuweza kumdanganya. Nilinyamaza kidogo tu, akasema, "Kaka, wiki hii ilikuwa ngumu, eh?"

Hofu yangu ni kwamba wanaolipia matibabu wataisoma 26.6 na kusema inatosha, mashine haidai mshahara. Kwa asiye na chochote, kweli ni afadhali kuliko kukosa. Ila kumwondoa mtu wa upande wa pili halafu kuendelea kuuita mpango ni ule ule, hapo sikubali. Mtu huyo ni sehemu ya dawa.

Kuna kitu kimoja simu isiachiwe kabisa: kupimwa kwa mara ya kwanza. Kabla ya mpango wowote, mikono ya daktari ikuguse. Na ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo ukikuponyoka, mguu ukiishiwa nguvu ghafla, ukiwa na homa pamoja na maumivu ya mgongo au ukikonda bila sababu, usisubiri simu ya Alhamisi. Nenda.

Mimi nilifika dakika 25. Wiki iliyopita wageni walikuwa njiani, nikajisahau, nikaosha kila kitu, na nilipomaliza nikaifuta na meza. Kesho yake sikuamka. Wiki 8 zilishaisha zamani, hakuna aliyepiga. Nikiwa bado kitandani nililivuta daftari, nikageuza ukurasa mpya, nikaandika: vyombo, dakika 9.