Mwenye kisu ndiye wa kwanza kujua

Saa kumi na moja alfajiri, Igogo hapa Mwanza bado giza, vibarua wameshapanga foleni kwenye geti la kiwanda cha samaki. Wengi ni wanawake, gambuti ndani ya viroba, kanga kichwani kukinga upepo wa ziwa. Mlinzi anahesabu, anaingiza wachache. Waliobaki wanaambiwa, "Leo hakuna mzigo." Mama yangu aliambiwa hivyo mara nyingi. Tukimwona amerudi mapema, tulijua jioni ni uji.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu, mzigo ulikatika hasa. Hata hivyo watu walisema wazi: getini, kwenye daladala, soko la samaki la Mwaloni kule Kirumba. Naogopa kwamba hata huko kusema sasa kunaondoka.

Binti mmoja wa mtaani kwetu, mkata minofu kiwandani, alituma picha ya vidole vyake kwenye kikundi cha WhatsApp cha kuzikana. Vilikuwa vimebabuka kwa barafu, kucha mbili zimeng'oka. Kesho yake jina lake halikuitwa, wala siku zilizofuata. Barua hakupewa, kibarua wa kutwa atapewa barua ya nini?

Simu isiingie kwenye chumba cha minofu, hilo nakubali, ni usafi. Lakini picha ile aliipiga nyumbani kwake.

Basi fikirieni mwaka 2035. Kamera juu ya kila meza. Programu inayosoma meseji za wafanyakazi. Orodha ya "wakorofi" inayopita kiwanda hadi kiwanda, hata ukihamia Nyakato unakuta jina lako limekutangulia. Vifaa vyote hivyo vimeshatengenezwa, vinasubiri mnunuzi tu.

Na tukiwanyamazisha hawa, tunaziba habari za ziwa lenyewe. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Nani anamwona wa kwanza akiingia kiwandani? Mwenye kisu. Mama alikuwa akisema minofu imekuwa myembamba, mgongo unagusa kisu haraka. Daftari la kiwanda huandika kilo; haliandiki hilo.

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa maoni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamruhusu mfanyakazi kujiunga na chama. Nataka vyama vya wafanyakazi vije getini hiyo saa kumi na moja, viandikishe vibarua wakiwa foleni, na vipinge mkataba wowote unaomfunga mtu mdomo kuhusu mikono yake mwenyewe.

Yule binti sasa anakaanga mapanki, mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kukatwa, kule Mabatini. Kucha zimeanza kuota. Picha bado anayo kwenye simu. Ameniruhusu niieleze, kuionyesha amekataa, kwa sababu dada yake bado anapanga foleni kwenye geti lile lile.