Bango Huharibikia Kwenye Faili

Fundi wa mashine anayepokea picha ya WhatsApp na kuichapa kwenye bango la mita tatu hamsaidii mteja. Anamuuzia ukungu. Msimu wa korosho ukianza, Mtwara nzima inataka mabango kwa wakati mmoja, na haraka hiyo ndiyo inayopitisha mafaili mabovu. Yakataliwe mapema, kabla turubai halijapanda mashineni.

Piga hesabu. Bango la mita 3 kwa 1.5, linalosomwa na mtu aliye ng'ambo ya barabara, linatosha likiwa na pikseli (vidoti vinavyounda picha) 100 kwa kila inchi katika ukubwa wake halisi. Mita 3 ni inchi 118, kwa hiyo upana unataka pikseli 11,800 hivi. Picha iliyobanwa na WhatsApp ikabaki na pikseli 1,600, ukiigawanya kwa inchi hizo 118, haifiki hata pikseli 15 kwa inchi. Ukingo wa nembo unatoka na ngazi ngazi, kama saruji iliyomwagwa vibaya. Kuandika pikseli 300 kwa inchi kwenye programu hakurudishi kilichopotea. Kompyuta inabuni pikseli za katikati tu.

Basi tuma faili kama dokumenti, si kama picha. Nembo iombwe kwa aliyeichora, ikiwa vekta, yaani mchoro wa mistari usio na pikseli, unaokuzwa bila kupoteza ukali. Na PDF isikudanganye: JPG iliyobandikwa ndani ya PDF ni JPG ileile. Ifungue, ikuze mpaka asilimia 800, utazame ukingo wa nembo. Ukibaki mkali, ni vekta.

Vipimo navyo vitangulie uchoraji. Bango linafungwa wapi, kwenye nguzo mbili au ukutani? Pindo hula sentimita 3 hadi 5 kila upande, na pete za kamba hukaa humo humo. Maandishi yakae sentimita 10 ndani, la sivyo namba ya simu itatobolewa tarakimu ya mwisho. Kwa bango litakalotazama bahari, hasa kipindi cha upepo wa kusi, mwambie mshonaji aweke pete kila nusu mita. Pembe nne peke yake hazihimili. Turubai huchanika kuanzia tundu la juu.

Rangi ndizo zinazoleta ugomvi mwingi kaunta. Skrini hutumia mwanga, mashine hutumia wino, kwa hiyo badilisha faili kuwa CMYK (wino nne: C sayani, yaani bluu-kijani; M majenta, yaani waridi iliyokolea; Y njano; K nyeusi) wewe mwenyewe uone kitakachobadilika. Bluu kali hutoka zambarau pale viwango vya sayani na majenta vinapokaribiana. Sayani asilimia 100 na majenta asilimia 70 huwa salama zaidi. Nyeusi ya K peke yake kwenye eneo kubwa hufifia ikawa kijivu. Ichanganye: C60, M40, Y40, K100. Usijaze zote nne 100, maana wino huchelewa kukauka, na kwa unyevu wa pwani hii bango likikunjwa mapema linagandana. Fonti, yaani mitindo ya herufi, zigeuzwe kuwa michoro kabla ya kutuma, ila bakiza nakala inayoharirika.

Bendera ni kazi nyingine. Kwenye poliesta nyepesi wino hupenya, hivyo upande wa nyuma maneno husomeka kinyume. Anayetaka yasomeke pande zote achapiwe vipande viwili, katikati kitambaa cha kuzuia mwanga, na alipie uzito huo.

Bendera ya Taifa ndiyo inayohitaji jicho zaidi. Uwiano wake ni 2 kwa 3: kimo mita 1, urefu mita 1.5. Kijani hukaa juu upande wa mlingoti, bluu chini upande wa nje, na mkanda mweusi wenye kingo za njano hupanda kutoka pembe ya chini ya mlingoti. Faili linaweza kuwa sahihi kabisa, kisha mshonaji akaweka mfuko wa mlingoti upande usio wake. Ikipandishwa, mkanda unashuka badala ya kupanda. Andika neno MLINGOTI kwenye nafasi ya mfuko, nje ya mchoro, kabla ya kutuma faili.