Antropolojia kupitia mwaka wa msingi: unalipia ufunguo au mafunzo?

Mwenye KCSE akiulizia antropolojia, yaani elimu ya jamii na tamaduni za watu, katika chuo kikuu cha England, mara nyingi ofisi ya udahili humwambia aanze na mwaka wa msingi, yaani mwaka wa maandalizi kabla ya shahada, au faundesheni kama wengi wanavyouita. Hata mwenye alama nzuri huambiwa hivyo. Shahada ya kule ni ya miaka mitatu na imejengwa juu ya A-level, mtihani wao wa ngazi ya kidato cha sita, ilhali KCSE inaishia kidato cha nne. Mtanzania mwenye ACSEE au Mganda mwenye UACE, vyeti vya kidato cha sita, vyuo vingi humpokea moja kwa moja akifikisha alama zinazotakiwa. Huyo akikimbilia faundesheni kabla ya kuuliza, atalipia mlango uliokuwa wazi.

Antropolojia ina kichekesho chake. Waingereza wenyewe hawaisomi shuleni: bodi ya mitihani ya AQA iliianzisha kwenye A-level mwaka 2010, na kufika 2015 ikatangaza kuiondoa. Ndiyo maana mwaka wa kwanza wa shahada huanza na alifu kwa kila mtu: ukoo, kubadilishana zawadi, ibada, na mwanaantropolojia Malinowski (ndiye aliyemfundisha Jomo Kenyatta katika chuo cha LSE, London) na visiwa vya Trobriand alikofanyia utafiti. Kama wote wanaanza sifuri, maandalizi ya mwaka mzima ni ya nini?

Wanaoutetea wanasema ni ya kusoma na kuandika, na hapo wana hoja nzito. Chukua zoezi la kawaida la uwandani: kaa kituo cha basi saa moja, andika unachokiona. Mwanafunzi anarudi na sentensi hii: "Wazee walipewa nafasi kwa sababu jamii hii inaheshimu wazee." Lakini ameona nini hasa? Wazee wawili walifika, kijana mmoja akanyanyuka, mwenzake akabaki ameinamia simu. Heshima ni tafsiri yake, na yule wa simu, anayeitia doa tafsiri hiyo, hakuandikwa kabisa. Kosa hilo huandamana na jingine la insha, kufupisha makala bila kugusa hoja yake, na aliyezoea kukariri kwa ajili ya mtihani halioni mpaka alama zirudi. Faundesheni humpa nafasi ya kukosea, kwa kuwa kwa kawaida alama zake haziingii kwenye daraja la shahada.

Ugumu uko kwenye pesa. Mwaka wa masomo 2025/26, ada ya faundesheni ya masomo ya darasani nchini England iliwekewa kikomo cha pauni 5,760 kwa wanaohesabiwa kuwa wakazi, wakati ada ya mwaka wa shahada ilikuwa hadi 9,535. Kijana wa Kiswahili aliyekulia Uingereza ananufaika. Anayetoka Mombasa hulipa ada ya kimataifa, ambayo haina kikomo na mara nyingi huvuka pauni 15,000. Juu yake kuna pesa za kujikimu za viza, ambazo lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo; zikipungua hata siku moja, ombi laweza kukataliwa.

Kwa hiyo, kwa familia inayojilipia, sioni sababu ya kuanzia huko. Chuo Kikuu cha Nairobi kinatoa shahada ya antropolojia ya miaka minne, na C+ ya KCSE ndiyo kiwango cha chini cha shahada Kenya. Miaka ni ile ile minne, na England inaweza kusubiri uzamili, ambao kule huchukua mwaka mmoja. Aliyepata ufadhili wa miaka yote minne hesabu yake ni tofauti. Huyo achague faundesheni iliyounganishwa na shahada, siyo ya chuo cha pembeni, ambako akimaliza huenda akalazimika kuomba nafasi na viza upya.

Kabla ya kulipa amana, pata kwa maandishi alama ya kuvukia kwenda antropolojia yenyewe. Faundesheni nyingi ni za sayansi za jamii kwa jumla, na alama inayokuvusha kwenda kozi moja yaweza isitoshe kwa nyingine.