Kabla Hujalaumu Besi, Tazama Vipira

Juzi, ndani ya daladala linalotoka Gongo la Mboto, niliketi na kijana aliyevaa spika za masikioni zisizo na waya, na kuanzia Ukonga hadi Tazara nilisikiliza naye wimbo baada ya wimbo bila kualikwa, huku injini ikinguruma na konda akigonga bodi. Kila gari lilipoingia kwenye shimo, spika yake ya kushoto ilichomoka, naye akairudisha kwa kidole gumba, kisha akaongeza sauti kidogo. Nilianza kwa kukasirika, kwa kuwa umri wangu wa kulazimishwa singeli saa moja asubuhi umekwisha kupita, lakini tulipofika Tazara hasira ilikuwa imemwacha kijana na kuwahamia wanaotuuzia vifaa hivi, pamoja na sisi tunaovinunua. Nilikuwa nimeliona sikio lake kwa karibu. Kile kipira cha silikoni kilichovalishwa kwenye ncha ya spika kilikuwa kimejikunja upande mmoja, na kati yake na ngozi palikuwa na uwazi wa kupitisha njiti ya kiberiti.

Tazameni jinsi tunavyonunua. Mteja anafika dukani mtaa wa Aggrey, Kariakoo, muuzaji anafungua kasha kwa mbwembwe, asilimia za chaji zinajitokeza kwenye kioo cha simu, na mwenye duka anatamka ile sala yake: «Mama, hizi ndizo orijino, besi yake utaikimbia.» Tunauliza zinakaa na chaji saa ngapi, tunauliza kama kuna rangi nyeupe, tunaomba apunguze elfu tano, tunaondoka. Watu haohao hawanunui kiatu bila kukijaribu, na dera huliweka mwilini mbele ya kioo mara tatu kabla ya kutoa fedha, ila kifaa kinachoingia ndani ya tundu la mwili, ambalo kila mtu ana lake, tunakinunua kwa kukitazama. Ninakubali, shingo upande, kwamba hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu atakayeruhusu wateja hamsini waingize spika zilezile masikioni mwao kwa siku moja. Lakini angalau aseme kwamba chini ya kasha, kando ya waya wa kuchajia, kuna kipaketi cha nailoni chenye vipira vya saizi nyingine mbili, na kwamba hicho si takataka.

Mimi nilikitupa. Nilitumia spika zangu za kwanza kwa miezi minane nikilalamika kwamba hazina besi, na nikamtangazia kila aliyenisikiliza kwamba nimeuziwa bidhaa feki. Siku moja mpwa wangu, ambaye hajafikisha hata miaka ishirini, aliniazima vipira vidogo vya spika zake, akanivalisha cha sikio la kushoto kama mtu anayemvika mgonjwa bandeji, akasema: «Shangazi, sasa sikiliza.» Gitaa la besi, ambalo kwa miezi minane nilidhani mpiga muziki alilisahau nyumbani, lilikuwepo wakati wote.

Sababu yake haina uchawi. Mawimbi ya sauti nzito huhitaji tundu lililozibwa, kwa kuwa spika yenyewe ni ndogo mno kuweza kusukuma hewa ya chumba kizima. Inachoweza ni kusukuma ile hewa kidogo iliyofungiwa kati yake na ngoma ya sikio. Ukiacha upenyo, sauti nzito hutoroka kwanza, zikabaki zile nyembamba zinazochoma, na papo hapo kelele za barabarani huingia kupitia upenyo uleule. Msikilizaji aliyekosa besi na kupata honi hufanya jambo moja tu, nalo ni kuongeza sauti. Hapo ndipo suala linapoacha kuwa la ladha ya muziki. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isikilizwe kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki, na ikipanda hadi desibeli 90 muda huo unashuka na kuwa saa 4. Saa 4 kwa wiki! Mtu wa Gongo la Mboto anayeongeza sauti ili kuishinda injini anazimaliza njiani kabla ya Jumatano, na vile vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyonasa sauti, vikishakufa, kwa binadamu havioti tena.

Jaribio lenyewe halichukui dakika mbili. Vaa spika zote mbili bila muziki, kisha gumia kwa mdomo uliofungwa, «mmm», na kama sauti yako inavuma kichwani kana kwamba umeingia ndani ya pipa, tundu limezibika. Kama inasikika vilevile kama siku zote, badili kipira. Jaribu kila sikio peke yake, maana masikio ya mtu mmoja si lazima yalingane, na mimi mwenyewe natumia kidogo kushoto na cha kati kulia, jambo ambalo nililionea aibu kwa wiki nzima kabla ya kuona kwamba hakuna anayetazama.

Wale wanaolipa zaidi kwa ajili ya uwezo wa kufuta kelele wajue kwamba mtambo huo unaimudu vyema ngurumo isiyobadilika, kama ya injini au feni, lakini konda anayepiga mbinja hautamzima, na kama kipira hakijakaa sawasawa umelipia kitufe cha mapambo. Kuhusu betri zisizobadilishika, ambazo baada ya miaka michache huzigeuza spika nzima kuwa hereni, nina maneno makali ninayoyahifadhi kwa siku nyingine. Ndiyo, za waya ni rahisi na hazichajiwi. Ila tangu Apple walipoondoa tundu la waya kwenye iPhone 7 mwaka 2016, na siku hiyohiyo wakatuonyesha AirPods, kampuni nyingi zimefuata, na simu yangu ni miongoni mwa zilizofuata. Spika moja ikififia, kabla ya kumtukana muuzaji tazama wavu wake kama haujaziba kwa nta, uusugue taratibu kwa mswaki mkavu. Na ukivuka Barabara ya Morogoro penye mabasi ya mwendokasi, tafadhali, vua zote mbili.

Jumamosi nilirudi Kariakoo kuulizia vipira peke yake, nikiwa nimejiandaa kwa mabishano ya bei. Muuzaji alinitazama kama mtu aliyeombwa kuuza maganda ya machungwa, kisha akavuta droo ya chini ya meza. Ilikuwa imejaa vile vipaketi vya nailoni, vingi havijafunguliwa, ambavyo wateja walimwachia kaunta pamoja na maboksi. «Chagua tu, mama,» alisema, «hakuna anayeviulizia.» Nilichukua jozi nne ndogo.